Njahi za Mtaroni

Binti yangu alizaliwa siku tisa kabla ya kura, na kwa siku hizo tisa nilikuwa na maziwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye watu wengi waliniambia labda nimeumbwa hivyo, kwamba kuna wanawake wasio na maziwa na hakuna la kufanya, na dada yangu alilisema huku akinitazama kifuani kama fundi anayetazama bomba lililoziba. Hapana. Yalikuwepo. Chumbani kwetu Kambi Muru nilikuwa nalowesha blauzi mbili kwa siku, na mume wangu akinicheka kwamba sasa najifulia mwenyewe kuliko nilivyowahi kuwafulia watu wa Nyayo Highrise, nilikokuwa nafanya kibarua cha kufua nguo hadi tumbo liliponikataza kuinama.

Kisha matokeo yakatangazwa, mapigano ya makabila yakaanza, na kila kitu kikafungwa. Duka la jirani lilifungwa, mwenye mfereji wa maji akafunga na kutoroka, na sisi tukafunga mlango na kuziba mwanya wa chini kwa kitambaa kilicholoweshwa, maana moshi wa vitoa machozi ulikuwa unaingia hadi kitandani. Tulikula ugali na sukuma siku ya kwanza, ugali na chumvi siku ya pili, halafu chai ya rangi. Maji yalikuwa yamebaki nusu mtungi, kwa hiyo nilikuwa najinyima ili yatoshe kumwosha mtoto. Hakuna aliyeniambia kwamba ninapojinyima mimi, ninamnyima yeye. Siku ya tano nilikamua titi la kushoto na halikutoa kitu. La kulia likatoa tone moja, likaning'inia pale, halafu likakauka.

Mume wangu ni mtu wa ziwani, Mjaluo, fundi wa mjengo. Mimi ni Mkamba wa upande wa Machakos. Kabla ya wiki ile hilo lilikuwa jambo la kutaniana tu, yeye akisema nimemroga kwa dawa za kwetu, mimi nikisema samaki wake wananuka hadi Athi River. Sasa likawa jambo la kufanyia hesabu kila unapotaka kutoka nje. Asubuhi moja palipotulia kidogo aliniambia niende kwa dada yangu Kawangware 46, kwamba huko angalau maduka yanafunguliwa. Nikamwuliza, na wewe? Akasema plot ya dada, ile safu ya vyumba vya kupanga, ina watu wengi wa upande ule mwingine, Wakikuyu, na akionekana pale atatuletea balaa. Yeye angebaki kulinda chumba. Nilitaka kumpiga. Kulinda nini, jiko na godoro? Lakini nilikuwa na mtoto wa wiki mbili aliyekuwa akilia bila machozi, kwa hiyo nilimfunga kifuani kwa leso nikatembea kwa miguu mpaka kwa dada.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na hajawahi kunisahaulisha hilo. Alikuwa akipika chapati za kuuza mlangoni pa plot, lakini unga ulikuwa umepotea madukani, kwa hiyo alikuwa nyumbani siku nzima, hana kazi, na mtu asiye na kazi hukutafutia makosa. Alinipokea vizuri, akanipa kitanda, akanichemshia maji ya kuoga. Kisha akatoa amri yake ya kwanza.

"Huyu mtoto hapa hana jina," akasema. "Anaitwa beibi."

"Ana jina."

"Najua ana jina. Na kila mtu akisikia hiyo jina inaanza na A, atajua baba yake anatoka wapi. Beibi. Umesikia?"

Basi binti yangu, aliyepewa jina la nyanya yake mzaa baba, akawa beibi kwa karibu wiki mbili. Hata mimi nilipokuwa peke yangu naye nilimwita beibi, kwa kuogopa kuzoea na kuropoka. Linaonekana jambo dogo. Jaribu kumnyonyesha mtoto ambaye huthubutu kumwita jina lake.

Na maziwa hayakuja. Nilimweka kwenye titi, akavuta mara tatu nne, akaliachia, akalia. Nikambadilisha, akavuta, akaachia, akalia. Nepi ya asubuhi ilikuwa kavu saa sita, na ya saa sita ilikuwa kavu jioni, nami nilikuwa nazipapasa kila mara kana kwamba nikipapasa sana zitalowa.

Lakini ushauri haukupungua. Dada alisema ninywe uji wa wimbi, na wimbi haikuwepo. Mama alipiga simu kutoka nyumbani akasema nikande matiti kwa kitambaa cha moto, nikajikanda hadi ngozi ikaniwaka. Wamama wawili wa kanisa la dada walikuja kuniombea, na mmoja akasema supu ya mifupa ndiyo dawa. Nikamwuliza mifupa inauzwa wapi siku hizi, akaniambia nisikate tamaa. Na wote, wote bila kubakiza hata mmoja, walimaliza kwa neno moja: usiwaze. Mawazo yanakausha maziwa, usiwaze. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya Ngong Road simu yake ikiwa imezimika, mtoto wangu alikuwa anakonda mikononi mwangu, na watu walikuwa wanakaa kwenye kiti wananiambia nisiwaze. Mpaka leo mtu akimwambia mzazi neno hilo mbele yangu, mimi hutoka chumbani.

Ukuta kati ya chumba cha dada na cha jirani ulikuwa bati moja tu. Jirani mwenyewe alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, Mkikuyu, muuza mboga wa hapo stage ya matatu, anayeishi peke yake. Zamani yeye na dada walikuwa wakiazimana chumvi na kibiriti. Tangu matokeo walikuwa wakisalimiana kwa kichwa tu, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Siku ya tatu tangu nifike, mchana, nikiwa nimelala na mtoto, nilimsikia akiongea kwa simu kwa lugha yake. Kikuyu na Kikamba vinafanana kiasi cha mtu kusikia nusu na kuamini amesikia yote. Nilisikia mwana. Nilisikia tena mwana. Halafu nikasikia iria. Akalirudia, kwa sauti ya mtu anayesisitiza jambo, iria, iria, kisha akapunguza sauti kabisa.

Iria kwao ni ziwa. Ile bahari ya maji baridi anakotoka mume wangu. Na mwana ni mtoto. Mtoto wa ziwani. Niliamka nikaketi kitandani. Amejua, na sasa anawaambia wenzake.

Dada aliporudi kutafuta maji nilimweleza, na uso wake ukabadilika. Hakubisha hata kidogo. Alisema, "Nilijua tu. Huyo mama siku hizi ananiangalia vibaya." Tukakubaliana kwamba mtoto asisikike. Na mtoto mwenye njaa unamnyamazishaje? Dada akachemsha maji, akaweka sukari, akayapoza, akayatia kwenye chupa. Beibi akanyonya chupa kwa pupa, akalala. Jamani, alilala! Saa tatu nzima. Nikamshukuru dada kwa machozi. Tukafanya hivyo tena, na tena, kila alipofungua mdomo. Chumba kikawa kimya na matiti yangu yakalegea kabisa, na mimi, mjinga, nikawa nalalamika kwamba maziwa yanazidi kukauka.

Siku mbili baadaye tulikuta bakuli la plastiki la kijani mlangoni, limefunikwa kwa sahani. Ndani kulikuwa na njahi, zimepikwa zikaiva, zimepondwa na ndizi mbichi, zina vitunguu. Hakuna mtu wa Nairobi asiyejua njahi ni ya nani. Zile mbegu nyeusi zenye mstari mweupe, Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua ili maziwa yashuke. Nilijua. Harufu ya kile kitunguu ilinipanda hadi kichwani, kwani nilikuwa sijala kitu chenye kitunguu tangu Krismasi.

"Usiguse," dada akasema. "Kwani amejuaje kama kuna mzazi hapa, na mtoto halii?"

"Si ni jirani tu."

"Jirani ambaye alikuwa anaongea juu ya ziwa. Hujaskia venye watu wanawekewa sumu?"

Nilikuwa nimesikia. Wakati ule kila mtu alikuwa amesikia, ingawa sikuwahi kukutana na mtu aliyemjua mtu aliyewekewa. Dada alilibeba bakuli hadi nyuma ya vyoo akalimwaga mtaroni, akaliosha vizuri kabisa, akaliweka mlangoni pa jirani. Tuliosha bakuli. Hadi leo sielewi kwa nini hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba tulikuwa na adabu ya kuosha bakuli.

Jumanne nikaenda kliniki. Foleni ilikuwa fupi, watu walikuwa wanaogopa kutoka. Nesi alimvua mtoto, akamweka kwenye mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena.

"Hajafikia kilo alizaliwa nazo," akasema. "Na amezaliwa lini? Mwezi unaisha. Unampatia nini?"

"Titi tu."

"Na nini ingine?"

Akanitazama hadi nikasema, "Maji ya sukari kidogo. Akilia."

"Akilia mara ngapi?"

"Kila mara."

Alifunga kadi kwa nguvu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka, na nadhani siku ile hakuwa amewaona wengine ila wajinga kama mimi. Aliniambia matiti hayafanyi kazi kwa kubembelezwa, yanafanya kazi kwa kunyonywa. "Kila wakati unampatia hiyo chupa, unaambia titi ilale. Inalala. Si ndio?" Alimchukua mtoto akanionyesha namna ya kumshikiza, afungue mdomo wote, ameze na lile jeusi, siyo chuchu tu. Akasema chupa niitupe. Ninyonyeshe kila saa, matiti yote mawili, niache alie anavyotaka. Na nile. Nikamwuliza nile nini. Akatazama pembeni kidogo, akasema, chochote. Halafu akaandika kitu kwenye kadi.

"Ijumaa urudi. Kama bado anashuka namtuma hospitali kubwa, awekwe drip."

Hospitali kubwa ilikuwa upande wa pili wa mji, na barabara zenyewe kila mtu alijua zilivyokuwa. Nilirudi nikiwa nimeshika ile kadi kama hati ya mashtaka. Ijumaa. Nilikuwa na siku tatu za kutengeneza maziwa kutoka kwa chai ya rangi.

Nikaitupa chupa. Beibi akalia Jumanne yote iliyobaki na usiku wake, akalia Jumatano. Dada akapandisha redio hadi bati likawa linatetemeka, ili kilio kisisikike. Nilimshikiza kila saa kama nilivyoonyeshwa, alivuta, alikasirika, akanipiga kwa kale kangumi, na mimi nikakasirika pia, nikamwambia kwa sauti, "Si uvute! Mimi nifanye nini?" Kisha nikaona aibu kumgombeza mtoto wa mwezi mmoja kwa kukosa kitu ninachokosa mimi.

Jumatano hiyo dada alitoka kutafuta unga. Nilifungua mlango kumwaga maji, na bakuli la kijani lilikuwa pale tena, limefunikwa, bado moto. Nikaliingiza ndani. Mara hii hapakuwa na mtu wa kuniambia usiguse. Niliondoa sahani. Nilichukua kijiko. Nilikichovya, nikakileta hadi hapa, mdomoni, mvuke ukanigusa. Na nikasikia lile neno, iria, iria, lilivyosemwa kwa kusisitizwa. Nikafikiri, nikila kuna kitu, kitapita kwenye maziwa kiende kwa mtoto. Nikaenda nyuma ya vyoo nikamwaga. Safari ile hakuwa dada. Ulikuwa mkono wangu.

Alhamisi saa nne asubuhi, mlango ukagongwa.

"Wenyewe mko?"

Dada akazima redio. Tukatazamana. Beibi akachagua dakika hiyo hiyo kulia, na hapakuwa na namna ya kujifanya hatupo. Dada akafungua kidogo tu. Jirani akasukuma mlango kwa kiwiko, kwa sababu mikononi alikuwa na sufuria nzima, akaingia akaketi kwenye stuli bila kukaribishwa. Alikuwa na vijiko viwili mfukoni mwa eproni. Alikipangusa kimoja, akachota njahi, akaweka mdomoni, akatafuna polepole huku akinitazama. Akameza. Akachota cha pili, akameza.

"Umeona?" akasema. "Sijaanguka."

Akatoa kijiko cha pili mfukoni, akanishikisha.

"Mtaro umekula mara mbili," akasema. "Leo ni wewe."

Alikuwa ameziona. Njahi ni nyeusi na ule mtaro ulikuwa na majivu meupe, na yeye hupita pale kila asubuhi kwenda chooni. Aliziona mara ya kwanza, akapika tena. Akaziona mara ya pili, akapika tena. Dada alianza kusema kitu kuhusu panya, akakiacha katikati.

Mimi niliuliza, maana sikuwa na la kupoteza tena. Nilimwuliza juu ya ile simu. Kwa nini alikuwa anamwambia mtu kwamba huyu ni mtoto wa iria.

Alikunja uso, hakunielewa. Halafu akaelewa, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wee mami! Nilikuwa naongea na mama yangu huko nyumbani. Nilimwambia anitafutie njahi, kwa sababu hapa kwetu kuna mtoto analia na mama yake hana iria. Iria! Maziwa! Nyinyi Wakamba hamuitangi maziwa iia?"

Tunaita. Neno ni lile lile, limepotewa na herufi moja tu. Nimelisema tangu nijue kusema. Iria kwa Kikuyu ni ziwa na ni maziwa pia, kama vile katika Kiswahili ziwa ni la samaki na ziwa ni la mama, na sijawahi kumwona mtu akichanganya hayo mawili. Mimi nilichanganya. Mwanamke ambaye hakuwa akiwaza kitu kingine usiku na mchana ila maziwa, alisikia neno maziwa kwa lugha iliyo ndugu ya lugha yake, akasikia siasa.

"Na hiyo ya baba yake," jirani akasema, akichota tena, "nilijua kitambo. Si alikuja hapa Pasaka na samaki? Harufu ilikaa wiki. Kula."

Nikala. Nililia nikila, na sikulia kwa uzuri, nililia kwa hasira. Niliwakasirikia wote, dada na redio yake, waliotangaza na waliotangaziwa, na mimi kuliko wote. Njahi zilikuwa na chumvi nyingi kidogo. Nilimaliza nusu sufuria, na jirani akila pamoja nami kijiko kwa kijiko hadi nilipomwambia inatosha, nimeamini. Akasema hali kwa sababu ya imani, anakula kwa sababu ana njaa.

Sitadanganya kwamba maziwa yalibubujika. Yalirudi kwa uchoyo, na titi la kushoto halikuwahi kusamehe hadi nilipoacha kunyonyesha. Hata sijui kama ni njahi, au ni kule kutupa chupa, au ni kwamba mtoto sasa aliruhusiwa kulia. Ijumaa mizani ilipanda kidogo sana, nesi akasema tuone wiki ijayo.

Lakini nataka kumalizia Alhamisi. Baada ya kula nilimshikiza mtoto, mdomo wote, na lile jeusi. Akavuta. Akatulia, akavuta tena, na nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kambi Muru, sauti ndogo kooni, ya kumeza.

"Na anaitwa nani?" jirani akauliza. "Mimi huskia tu beibi, beibi."

Nilimtazama dada. Dada akatazama sakafu. Nikalitaja, lote, na la baba yake nyuma. Jirani akajaribu kulitamka, likamshinda, akajaribu tena.

Ndipo nikahisi joto mapajani. Lilipita nepi, likapita leso, likaingia hadi kwenye sketi. Dada aliruka kutafuta nepi nyingine akaja nayo mbio, akitaka kumchukua.

"Mwache," nikamwambia.

"Amekulowesha yote!"

"Najua. Mwache hivyo hivyo."